Kompyuta ya IBM PC au XT isiyowaka: kutafuta kosa la pawa saplai kuanzia nje kwenda ndani

Mwongozo huu unahusu IBM PC modeli 5150, iliyotolewa Agosti 1981, na XT modeli 5160 iliyofuata mwaka 1983, pamoja na nakala nyingi za kampuni nyingine zilizotengenezwa kwa kufuata muundo wao. Nimeuandika kwa ajili ya mtu aliyeirithi, aliyeinunua au aliyeikuta stoo mashine ya namna hiyo, akainua swichi kubwa nyekundu iliyoko ubavuni karibu na nyuma, na mashine isiitike. Kuna jambo moja ambalo ningependa lieleweke kabla bisibisi haijashikwa. Pawa saplai ya mashine hizi, yaani sanduku linalogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za kompyuta, ikikaa kimya, mara nyingi haijafa, bali imejizima. Imetengenezwa ijizime inapoona mkondo umezidi au volti zimekwenda kombo, na kosa lililoifanya ijizime huenda liko kwenye ubao mkuu, kwenye kadi au kwenye diski. Nimeona pawa saplai nzima zikifunguliwa, zikachokonolewa na mwishowe zikaharibiwa kwa kutafutiwa ugonjwa ambao haukuwa wao. Ndiyo maana utaratibu ninaoufuata unatoka nje kwenda ndani, na sanduku la pawa saplai ndilo linalofunguliwa mwisho.

Tahadhari

Umeme wa ukutani wa volti 230 au 240, ukishapita kwenye daraja la dayodi (dayodi nne zinazopitisha umeme upande mmoja tu) na kuwa mkondo mnyoofu, hufika takriban volti 325 hadi 340, na kapasita kubwa (vifaa vya kuhifadhi chaji) zilizo ndani ya pawa saplai huweza kuuhifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa. Kiasi hicho kinaua. Ukifika hatua ya kufungua sanduku, chomoa plagi, subiri dakika kumi, pima kila kapasita kubwa kwa mita, na ukikuta bado ina volti, itoe chaji kwa rezista ya waya ya omu 2200 na wati 10 iliyofungwa kwenye nyaya zenye vishikizo vya plastiki, kisha pima tena. Usitumie bisibisi kupiga shoti, kwa sababu cheche zake huharibu kapasita na huweza kurusha chuma kilichoyeyuka machoni. Vaa miwani ya kukinga macho katika kazi hii yote. Sababu yake utaiona nitakapofika kwenye kapasita za tantalamu. Ikiwa hujawahi kushika vifaa vya umeme wa ukutani, fanya hatua za nje peke yako, na za ndani zifanye ukiwa na fundi pembeni.

Maswali ya mwanzo

Soma lebo ya pawa saplai kabla ya kuchomeka chochote. Mashine nyingi zilizoletwa kutoka Marekani zina pawa saplai ya volti 120 pekee, isiyo na swichi ya kuchagua, na aliyeichomeka kwenye soketi ya Dar es Salaam au Nairobi ameiua kwa sekunde moja. IBM PC ina soketi ya ziada mgongoni kwa ajili ya monita ya rangi moja, modeli 5151, hivyo monita ya Marekani iliyochomekwa hapo nayo imepata kipigo kilekile na inahitaji kuchunguzwa kivyake. Katika nakala ambazo zina swichi ndogo ya 115 na 230, itazame imekaa upande gani. Ikiwa imekaa 115 ukachomeka kwenye volti 240, mzunguko wa kuzidisha volti hujaribu kuzipa kapasita kubwa karibu mara mbili ya kiasi zinachokistahimili, na hupasuka kwa kishindo. Ikiwa imekaa 230 na mashine inalishwa volti 120 kupitia transfoma, haiungui, ila haiwaki.

Baada ya hapo fungua plagi yenyewe. Plagi zetu za pini tatu bapa zina fyuzi ndani, na si ajabu kukuta fyuzi imeondolewa na mahali pake pamewekwa waya au karatasi ya sigara. Weka fyuzi halisi ya ampia 3 au 5. Pima waya wa umeme kwa mita, kila pini hadi mwisho wake, ukiukunja na kuunyoosha unapopima, kwa sababu waya wa miaka arobaini hukatika ndani ya mpira huku nje ukionekana mzima. Plagi ikiwa imechomolewa, zima na washa swichi nyekundu huku ukipima kwa mita kama inapitisha. Haya yanachukua dakika kumi, na yamekwisha kunirudishia mashine mbili ambazo tayari zilikuwa zimehukumiwa kuwa zimekufa.

Kusoma dalili

Sasa washa mara moja tu na usikilize kwa makini. Ukimya kamili, bila feni kutikisika na bila sauti yoyote, unaelekeza kwenye fyuzi ya ndani, kwenye sehemu ya umeme wa ukutani au kwenye sehemu ya kuanzisha. Feni ikijitikisa nusu mzunguko kisha ikasimama, hiyo ndiyo dalili ya pawa saplai iliyojizima kwa kujilinda: imeanza, imekutana na shoti au mzigo uliozidi, ikaacha. Sauti ya tiki, tiki, tiki inayojirudia inaeleza jambo lilelile kwa namna nyingine, yaani kifaa kinajaribu kuanza na kukataa tena na tena. Pawa saplai iliyojifunga namna hii haijifungui papo hapo. Zima, subiri nusu dakika, ndipo ujaribu tena, la sivyo utadhani jaribio la pili limeshindwa ilhali hukuipa pawa saplai nafasi.

Feni ikizunguka vizuri huku kompyuta ikiwa kimya, usihitimishe kwamba pawa saplai ni nzima. Zipo ambazo feni yake huendeshwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, na hata pale inapoendeshwa na volti 12, hiyo haisemi lolote kuhusu volti 5. Vilevile moshi mzito wenye harufu kali, unaotoka huku mashine ikiendelea kufanya kazi, ni dalili ya peke yake ambayo nitaieleza baadaye, na harufu kama ya samaki inayotoka kwenye matundu ya feni humaanisha kwamba kapasita za kawaida zimevuja maji yake.

Tenganisha kabla ya kufungua

Zima, chomoa, kisha ondoa kadi zote na nyaya za diski, ubaki na ubao mkuu pekee. Ikiwaka sasa, kosa liko kwenye ulichokiondoa, nawe utalipata kwa kurudisha kimoja kimoja, ukizima kila mara. Hapa ikumbukwe kwamba pawa saplai ya 5150 ni ya wati 63.5 tu. XT ilipewa ya wati 130 kwa sababu ilikuja na diski ngumu ya MB 10, na diski hizo hula mkondo mwingi wa volti 12 zinapoanza kuzunguka. Mtu aliyefunga diski ngumu ndani ya 5150 bila kubadilisha pawa saplai ataona feni ikijitikisa na kusimama, na hakuna kilichoharibika; mzigo ndio umezidi.

Ikiwa bado haiwaki, chomoa viunganishi viwili vya ubao mkuu, P8 na P9, kila kimoja na pini sita. Tazama kwanza jinsi vilivyokuwa vimekaa, kwa sababu viwili hivi vinaweza kubadilishana nafasi: nyaya za ardhi, ambazo kwa kawaida ni nyeusi, zinapaswa kukutana katikati. Kwa kuhesabu kutoka ukingo wa nje wa P8, pini ya 1 ni ya ishara ya umeme kuwa sawa, ya 3 ni volti 12, ya 4 ni volti hasi 12, na ya 5 na 6 ni ardhi. Kwenye P9, pini ya 1 na 2 ni ardhi, ya 3 ni volti hasi 5, na 4, 5 na 6 ni volti 5. Fuata nafasi hizi, usifuate rangi za nyaya, maana rangi zimebadilikabadilika kutoka kiwanda kimoja hadi kingine.

Sasa, bila umeme wowote, pima ukinzani kwenye pini za ubao mkuu, kati ya ardhi na kila mstari wa volti. Mstari wa volti 5 huwa na ukinzani mdogo kwa sababu unalisha chipu zote, hivyo omu makumi kadhaa zisikutishe. Lakini mstari wa volti 12, hasi 12 au hasi 5 ukisoma chini ya omu mbili, umepata shoti, na pawa saplai yako ilikuwa na haki ya kukataa.

Kapasita ya tantalamu

Mshukiwa wa kwanza wa shoti hiyo ni kapasita ya tantalamu, kitone kidogo chenye umbo la tone la maji, cha rangi ya njano, bluu au kahawia, kilichopangwa karibu na sloti za kadi. Kwenye mistari ya volti 12 wahandisi waliweka kapasita za kiwango cha volti 16, na nafasi hiyo ya volti 4 ni finyu mno kwa tantalamu, ambayo hupenda kulala kwenye nusu ya kiwango chake. Ikikaa miaka mingi bila kutumika, utando wake wa ndani hudhoofika, na siku ya kuwashwa hupiga shoti. Kapasita za namna ileile kwenye mstari wa volti 5 hazifi kwa wingi huo, kwa sababu zina nafasi ya kutosha.

XT yangu ya kwanza nilipewa Tanga ikiwa na maneno kwamba pawa saplai imekufa na ya kuibadilisha haipatikani. Feni ilikuwa inajitikisa nusu mzunguko. Nilipochomoa P8 na P9 na kuweka mzigo wa majaribio (rezista na balbu nitakazozieleza hapa chini), ikazunguka bila shida, na mita ikasoma omu 0.8 kati ya volti 12 na ardhi ya ubao mkuu. Kapasita zote zilionekana nzima. Niliinamisha taa hadi ikawa sambamba na ubao, ndipo nikaona kwenye moja, ubavuni, ufa mwembamba kama unywele, na chini yake doa jeusi lisilozidi kichwa cha pini. Nilinyanyua mguu wake mmoja, mita ikapanda, na jioni ile mashine ikahesabu kumbukumbu yake mbele ya macho yangu. Kosa lote lilikuwa kwenye kitu kidogo kuliko punje ya mahindi.

Si zote huonyesha ufa. Ukiwa na pawa saplai ya mezani inayoweza kuwekewa kikomo, lisha mstari wenye shoti kwa volti 1 na ampia 1, kisha gusa kapasita moja moja ukitafuta yenye joto. Ukiwa huna, nyanyua mguu mmojammoja. Kapasita hizi zipo kwa ajili ya kutuliza volti, hivyo ubao huweza kujaribiwa kwa muda bila moja yake. Yeyusha na uondoe risasi ya kulehemu kwa subira, kwani shimo la ubao huu likichanika ni kazi nyingine.

Unapoweka mpya, chagua ya maikrofaradi 10 kwa volti 25 au 35, na angalia sana upande. Mstari uliochorwa kwenye tantalamu huonyesha mguu chanya, wakati mstari kwenye kapasita ya kawaida ya alumini huonyesha mguu hasi. Mazoea ya moja yakihamishiwa kwenye nyingine, utaifunga kinyume, nayo italipuka kwa mlio mkali na mwale wa moto. Hiyo ndiyo sababu ya miwani. Ubao wa IBM wenyewe una kapasita za miguu mitatu, ambazo mguu wa katikati ndio chanya na ya pembeni yote miwili ni hasi, hivyo mpya yenye miguu miwili itumie shimo la katikati na moja la pembeni. Kadi na diski nazo zina tantalamu kwenye volti 12, nazo hupimwa vivyo hivyo.

Kuijaribu pawa saplai peke yake

Pawa saplai hizi hazipendi kuwashwa bila mzigo. Nyingi hukataa kuanza, na mtu huandika cheti cha kifo juu ya kifaa kizima. Weka mzigo kwenye mistari miwili mikuu. Kwa volti 5, rezista ya waya ya omu 2 huvuta ampia 2.5 na kutoa joto la wati 12.5, kwa hiyo chukua ya wati 25 au zaidi na uiweke juu ya kigae. Kwa volti 12, balbu ndogo ya gari ya wati 5 au 10 inatosha. Usitumie ya taa kubwa, kwa sababu waya wa balbu ukiwa baridi huvuta mkondo mara nyingi zaidi ya kawaida yake, na kifaa kinaweza kujizima kwa sababu hiyo tu.

Volti 5 inapaswa kusoma kati ya 4.75 na 5.25, volti 12 kati ya 11.4 na 12.6, hasi 5 kati ya 4.5 na 5.5, na hasi 12 kati ya 10.8 na 13.2. Kisha pima pini ya 1 ya P8. Ishara hii hupanda kuelekea volti 5 muda mfupi baada ya volti nyingine kutulia, nayo ndiyo inayoiachia kompyuta ianze. Ikibaki chini ya volti 2.4, kichakataji hushikiliwa kikiwa kimesimama, na utakuwa na mashine yenye feni inayozunguka na volti zote sahihi, lakini isiyofanya lolote. Wengi huruka kipimo hiki, kisha wakaanza kubadilisha chipu za ubao bure.

Usipuuze volti hasi 5. Ubao wa mwanzo wa 5150 unatumia chipu za kumbukumbu za aina ya 4116, ambazo zinahitaji volti tatu tofauti, na zikipata 12 bila hasi 5 huharibika. Pawa saplai za kisasa za ATX nyingi hazina mstari huo, hivyo kuazima moja kwa adapta kunaweza kuua kumbukumbu uliyokusudia kuiokoa.

Ndani ya sanduku

Ikiwa imeshindwa hata kwa mzigo sahihi, fungua sasa. Anza na fyuzi ya kioo. Ikiwa imepaka weusi au fedha ndani ya kioo, ilikatika kwa nguvu, maana yake kuna shoti nyuma yake. Kubadilisha fyuzi pekee ni kuchoma nyingine. Ikiwa uzi umekatika tu na kioo ni safi, huenda ni uchovu au umeme uliorudi kwa kishindo baada ya kukatika.

Kwa fyuzi nyeusi, pima daraja la dayodi, ambapo kila dayodi inapaswa kupitisha upande mmoja tu kwa takriban volti 0.5 hadi 0.7, kisha transista za nguvu zilizofungwa kwenye bati la kupozea. Kati ya kolekta na emita, ambayo ni miguu miwili ya transista, kusiwe na shoti. Transista moja ikiwa imekufa, badilisha zote mbili, na upime rezista ndogo zinazoziongoza, kwa sababu mara chache transista hufa bila kuzivuta jirani zake.

Kwa fyuzi nzima na ukimya kamili, funga balbu ya waya ya wati 60 mfululizo na umeme, ile ambayo mafundi wa redio huiita taa ya siriizi, kisha washa. Ikimulika mara moja na kufifia, hakuna shoti kubwa. Ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, zima mara moja. Napendelea njia hii kuliko kupandisha volti polepole kwa variaki, yaani transfoma ya kurekebisha volti, kwa sababu pawa saplai za aina hii huvuta mkondo mkubwa zaidi volti zinapokuwa chache. Pima kapasita kubwa, ukitumia upande wao hasi kama rejea. Usitumie bati la sanduku, kwa kuwa ardhi ya sehemu hii si ardhi ya kompyuta. Volti 300 na zaidi zikiwepo bila matokeo yoyote, rudi ukazime, utoe chaji, na upime rezista za kuanzisha. Katika nakala nyingi ni mbili zenye ukinzani wa omu laki kadhaa, nazo huzeeka hadi zikakatika kabisa bila kubadilika rangi. Karibu na transista kuna pia kapasita ndogo za maikrofaradi 1 au 2.2 ambazo hukauka kwa joto. Zibadilishe bila mjadala. Nakala nyingi huongozwa na chipu ya TL494, ambayo huweza kupimwa plagi ikiwa imechomolewa: ipe volti 12 kwenye pini ya 12 dhidi ya pini ya 7, na pini ya 14 inapaswa kutoa volti 5. Isipotoa, chipu ndiyo mbovu.

Kwa ile sauti ya tiki, angalia dayodi pacha za Schottky zinazolisha volti 5. Hufa kwa shoti, na mita huzigundua mara moja.

Na sasa ule moshi. Karibu na mahali umeme unapoingilia, pawa saplai nyingi za enzi hiyo zina kapasita ya karatasi iliyofunikwa kwa plastiki ya njano inayopenya mwanga, mara nyingi yenye jina RIFA. Plastiki hiyo hupata nyufa, unyevu huingia kwenye karatasi, na siku moja huungua na kujaza chumba moshi wa kuudhi huku kompyuta ikiendelea kufanya kazi. Kwetu pwani, ambako hewa ina unyevu na chumvi mwaka mzima, siiachi hata moja, iwe na nyufa au isiwe nazo. Mpya iwe ya daraja la X2, volti 275 za mkondo geu. Zile zinazokwenda kwenye ardhi ziwe za daraja la Y2, na usiweke kapasita ya kawaida mahali pao, kwa sababu ikipiga shoti hapo bati lote la kompyuta linakuwa na umeme.

Kurudisha

Pawa saplai iliyotengenezwa iache ifanye kazi na mzigo wa majaribio kwa nusu saa, kisha pima volti zote tena ikiwa moto. Ndipo uirudishe kwenye ubao mkuu peke yake, ukiwa umeunganisha spika. Ikiwa swichi ndogo za ubao zimepangwa kwa kadi ya picha nayo haipo, utasikia baada ya sekunde chache mlio mmoja mrefu na miwili mifupi. Mlio huo ni malalamiko ya kukosa kadi ya picha, na asiyekuwa hai hawezi kulalamika. Zima, weka kadi ya picha, washa. Zima, weka kadi ya diski, washa. Na diski ngumu iwe ya mwisho.